Shangazi anasema uuguzi ni kurudi nyuma. Nimjibu nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 19, nimefaulu vizuri biolojia na kemia, na nataka kusomea uuguzi. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenisomesha, amekataa. Anasema wanawake wamehangaika miaka yote hii kutoka jikoni, leo mimi nirudi kuosha wagonjwa na kumbebea daktari mafaili? Kama ni hospitali, basi niwe daktari. Mimi sioni aibu, ila nashindwa kumjibu, na wakati mwingine najiuliza kama hayuko sahihi. Je, uuguzi umemsaidia mwanamke au umemfunga?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Shangazi yako usimwone adui. Amekusomesha, na swali analouliza ni lile lile ambalo wauguzi wenyewe wamegombana juu yake kwa zaidi ya miaka mia. Nusu ya anayosema ni kweli, nitaifikia. Lakini naomba nianze pale alipokosea, kwenye hilo neno “kuosha”.

Nilipokuwa mkufunzi, asubuhi moja nilikuwa wodini na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, tunamwogesha mzee aliyevunjika nyonga. Ilikuwa siku yake ya nne kitandani. Mwanafunzi alikuwa na haraka; kwake ile ilikuwa kazi ya kumaliza ili aende kwenye uuguzi wenyewe, sindano na dripu. Tulipomgeuza mzee ubavu nikamwambia asubiri kidogo. Chini ya kiuno, pale mfupa unapokutana na godoro, palikuwa na doa jekundu la ukubwa wa sarafu. Nikamwambia alibonyeze kwa kidole kisha aachie. Ngozi yenye afya ukiibonyeza hupauka, halafu damu inarudi. Lile doa halikupauka. Maana yake nyama ya pale imebanwa kati ya mfupa na godoro mpaka imeanza kuumia, na mgonjwa akiachwa alale vile vile patafunguka kidonda kinachoweza kufika mfupani. Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi sana wekundu hauonekani kirahisi. Hapo unatumia mgongo wa mkono, unatafuta joto au ugumu usiolingana na ngozi ya pembeni.

Hatukuishia hapo. Tulipofika miguuni tukalinganisha vigimbi viwili, kwa sababu kimoja kikivimba na kuwa cha moto huenda damu imeganda kwenye mshipa, na bonge hilo likikatika linaweza kukimbilia mapafuni. Tukamuuliza jana nani alikuja kumwona, masikio yetu yakipima kama akili yake iko pale ilipokuwa jana. Tukatazama rangi ya mkojo kwenye mfuko. Tukaona anapumuaje tunapomgeuza. Dakika kumi na tano, beseni moja la maji. Mtu aliyesimama mlangoni angeapa kwamba ameona wanawake wawili wakimwosha mzee.

Shangazi yako amesimama pale mlangoni, na sishangai. Kazi hii imefichwa makusudi kwa muda mrefu, na waliochangia kuificha ni pamoja na waliotupenda.

Tazama hata maneno. Kiswahili kilitutendea haki: kuna kuugua, na kuna kuuguza, na anayeuguza ni muuguzi, awe mume au mke. Lakini “nesi” tulilolipokea kwa Waingereza lina asili ya Kilatini, na kwa asili hiyo ni kulisha na kunyonyesha. Limebeba ziwa la mama ndani yake. Mtu akisikia nesi anaona mwanamke kabla hajaona elimu.

Florence Nightingale, Mwingereza anayehesabiwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, alipokuwa na miaka 25, mwaka 1845, aliwaomba wazazi wake ruhusa ya kwenda kujifunza hospitalini. Walikataa katakata. Walikuwa matajiri, na uuguzi wa hospitali za wakati ule ulionekana kazi ya wanawake walevi wasio na mahali pengine pa kwenda. Ilimchukua miaka sita mingine kwenda kusoma Kaiserswerth, Ujerumani, ambako mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walikuwa wameanza kufundisha wanawake kuuguza tangu 1836. Nakutajia hili ujue kwamba wewe si binti wa kwanza kukatazwa. Sababu tu ndizo zimebadilika. Yeye aliambiwa kazi hii itamshushia heshima ya ukoo; wewe unaambiwa itakushushia heshima ya mwanamke aliyesoma.

Kilichofuata kinajulikana: vita vya Crimea, hospitali ya Scutari, Uturuki, mwaka 1854 akiwa na wanawake 38, akizunguka wodini usiku na taa mkononi. Taa ndiyo iliyoshika mioyo ya watu. Mimi nawafundisha wanafunzi wangu hesabu zake. Baada ya vita alikaa na mtakwimu William Farr, wakachambua vifo, na hesabu zikaonyesha kwamba askari wengi waliuawa na maradhi kuliko majeraha, na kwamba vifo vya Scutari vilishuka baada ya tume ya usafi kufika Machi 1855 na kusafisha mifereji ya maji machafu. Alikubali ukweli huo ingawa ulimaanisha kwamba wakati wagonjwa wanakufa kwa wingi yeye alikuwepo na hakujua kiini chake. Hiyo ndiyo akili ya muuguzi ninayoiheshimu. Lakini dunia ilichagua taa.

Na yeye mwenyewe alitia mkono. Katika kitabu chake kidogo cha uuguzi aliandika kwamba kila mwanamke ni muuguzi, akimaanisha kwamba kila mwanamke siku moja atabeba dhamana ya afya ya mtu. Ilikuwa hoja ya kuwapa wanawake maarifa. Ikageuka kuwa hoja ya kuwanyima malipo: kama ni silika, elimu ya nini, na mshahara mkubwa wa nini?

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka, na ugomvi huo ndio jibu la swali lako. Mwaka 1881 Ethel Manson, akiwa na miaka 24 tu, alifanywa muuguzi mkuu wa hospitali ya St Bartholomew's, London. Miaka sita baadaye aliolewa na daktari, akawa Bi. Bedford Fenwick, akaacha kazi, kwa maana ndivyo desturi ilivyotaka. Hakukaa nyumbani kimya. Alianza kudai kwamba muuguzi asajiliwe na serikali kama daktari: awe amesoma muda uliowekwa, amefanya mtihani, na jina lake liwe kwenye rejista, asiyekuwemo asijiite muuguzi. Aliyempinga kwa nguvu alikuwa Nightingale. Nightingale aliona kwamba wema na tabia ya muuguzi haviwezi kupimwa kwa mtihani, na kwamba rejista ingelinda vyeti na kumsahau mgonjwa. Fenwick aliona kwamba kisichoweza kupimwa hakiwezi kudaiwa haki.

Ninawaheshimu wote wawili. Lakini katika hili niko na Fenwick, tena bila kusita.

Angalia tarehe. New Zealand ilikuwa nchi ya kwanza kuwapa wanawake kura, mwaka 1893. Mwaka 1901 ikawa ya kwanza kutunga sheria mahsusi ya kusajili wauguzi, na Ellen Dougherty akawa wa kwanza kwenye rejista. Uingereza ilitoa kura kwa baadhi ya wanawake waliozidi miaka 30 mwaka 1918. Sheria ya usajili wa wauguzi ikapita 1919, baada ya Fenwick kupigana miaka thelathini, na jina lililoandikwa la kwanza lilikuwa lake. Marekani, Mary Eliza Mahoney alihitimu mwaka 1879, mwanamke Mweusi wa kwanza nchini humo kumaliza shule ya uuguzi. Mwaka 1920, akiwa mzee, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Boston kujiandikisha kupiga kura. Rejista na kura zilitembea pamoja. Kwa hiyo shangazi anaposema wanawake walipigana kutoka jikoni, mwambie wauguzi walikuwa mstari wa mbele.

Sasa nusu iliyo kweli. Walitoka jikoni, wakawekwa kwenye jiko kubwa zaidi. Hospitali nyingi za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ziliendeshwa kwa mikono ya wanafunzi: msichana anaitwa anasoma, huku anafanya zamu ndefu wodini kwa chakula, malazi na posho kidogo. Akihitimu, hospitali inachukua mwanafunzi mwingine. Akiolewa, mara nyingi kazi imekwisha, na desturi hiyo ilidumu sehemu nyingi hadi katikati ya karne iliyopita. Na milango mingine ilikuwa imefungwa. Elizabeth Blackwell alipata shahada ya udaktari Marekani mwaka 1849, ila kwa miongo mingi baada yake vyuo vingi vilipokea wanawake wachache sana au hapana kabisa. Kwa hiyo wasichana wenye vichwa vizuri walimiminika kwenye uuguzi na ualimu, na waajiri wakazoea kununua akili hizo kwa bei ya chini, kwa sababu hazikuwa na pa kwenda.

Leo zina pa kwenda. Wewe unaweza kuwa daktari, mhandisi, rubani. Haya ni mafanikio ya kweli, na yanaueleza uhaba wa wauguzi unaosikia ukizungumzwa kila mahali: kazi iliyozoea kupata watu bora kwa bei rahisi haijazoea kushindana. Anayesema vijana wa siku hizi hawana wito, muulize mishahara ilikuwaje wito ulipokuwepo.

Umeniuliza pia, kwa maneno ya shangazi, juu ya kumbebea daktari mafaili. Hili niliseme kwa kisa changu mwenyewe, na si kisa ninachojivunia.

Nilikuwa na miaka miwili kazini, niko zamu ya usiku. Mama mmoja alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo mchana ule. Saa nane usiku presha yake bado ilikuwa nzuri. Lakini alikuwa anapumua mara 28 kwa dakika, na mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Mikono ilikuwa ya baridi, ina jasho. Hakutulia: anaomba maji, anavuta shuka, anaisukuma. Mwili unaovuja damu kwa ndani hujitahidi kuficha. Mishipa inajibana, moyo unaongeza mwendo, presha inashikilia, halafu inaporomoka wakati nafasi ya kuokoa imekuwa finyu. Nilikuwa nayajua haya. Nilimpigia daktari wa zamu, akasema nimpe dawa ya maumivu.

Mwaka 1967 daktari wa akili Mmarekani, Leonard Stein, alieleza mchezo uliokuwa ukichezwa hospitalini kati ya daktari na nesi: nesi anatoa ushauri, ila lazima autoe kwa namna itakayofanya uonekane wazo la daktari. Mimi niliucheza ule mchezo miaka mingi baada ya yeye kuuandika. Nilipiga simu mara ya pili, nikazunguka: “Daktari, unaonaje kama labda ungepita kumtazama...” Mara ya tatu ndipo nikasema: “Nadhani anavuja damu ndani. Naomba uje sasa hivi. Nimeandika kwenye faili saa nilizokupigia.” Alikuja. Mama yule alirudishwa chumba cha upasuaji kabla hakujapambazuka, na alipona. Kinachonisumbua mpaka leo ni muda uliopita kati ya simu ya kwanza na ya tatu. Nilikuwa najua, nikaogopa kuonekana najua.

Woga ule haukutoka tumboni mwa mama yangu. Nilifundishwa darasani, pamoja na kukunja pembe za shuka. Kwa hiyo nilipoanza kufundisha, wanafunzi wangu walijifunza tangu muhula wa kwanza kutoa taarifa kwa hatua nne, njia ambayo sasa inatumika hospitali nyingi duniani: hali iliyopo sasa, historia fupi ya mgonjwa, tathmini yangu mimi muuguzi, na ninachoomba kifanyike. Hiyo hatua ya tatu niliwarudishia mpaka wakachoka. Wasichana, hasa, walikuwa wanairuka. Wanataja presha, wanataja mapigo, halafu wananyamaza wakisubiri mwingine afikiri. Nikiwauliza “Na wewe unaonaje?” wanatazama chini. Wavulana, hata wasiojua, walikuwa wanasema.

Na kama kuna anayedhani ujuzi huu ni mdogo, zipo tafiti za Linda Aiken, mtafiti wa uuguzi Mmarekani, na wenzake. Ule wa mwaka 2002, kwenye hospitali 168 za Pennsylvania, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja zaidi anayeongezwa kwa muuguzi mmoja anaambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Ule wa 2014, katika nchi 9 za Ulaya na wagonjwa zaidi ya laki nne, ulikuta kwamba kila asilimia 10 ya nyongeza ya wauguzi wenye shahada iliambatana na upungufu wa asilimia 7 wa uwezekano huo. Huruma peke yake haileti tofauti kama hizo kati ya hospitali na hospitali. Elimu na idadi ya watu kazini ndivyo vilivyopimwa pale.

Wanaume je? Hili watu hulipita haraka, na mimi naona ndipo ufunguo ulipo. Rejista ile ya Uingereza iliwaweka wanaume kwenye orodha ya pembeni hadi 1949. Jeshi la Marekani halikuwapa wauguzi wanaume vyeo vya afisa hadi 1955. Mwaka 1982 mwanamume mmoja aliyekataliwa na shule ya uuguzi ya chuo cha wanawake huko Mississippi alishinda kesi katika Mahakama ya Juu ya Marekani, na aliyeandika hukumu ni Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa mahakama hiyo. Alisema kuwafungia wanaume mlango kunaendeleza dhana iliyochakaa kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake tu. Akagusia pia kwamba huenda kuwafungia wanaume nje kumechangia kushusha mishahara ya wauguzi. Mwanangu, soma hapo mara mbili. Kuiita kazi “ya kike” kulimnyima mwanamume kazi, na kulimpunja mwanamke mshahara.

Hatujafika bado. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilihesabu wauguzi milioni 27.9 duniani, karibu asilimia 90 wakiwa wanawake. Shirika hilo hilo lilionyesha kwamba wanawake ni karibu asilimia 70 ya wafanyakazi wote wa afya, ila wanashika robo tu ya nafasi za juu za uongozi. Na wanaume wachache walioingia uuguzi, watafiti wameona tangu miaka ya 1990, mara nyingi husukumwa kupanda cheo upesi kuliko wanawake waliowatangulia. Nimeliona kwa macho yangu, na wengine wao walikuwa wauguzi wazuri sana. Kosa halikuwa lao.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye takwimu. Utatoka zamu ya usiku, ukifika nyumbani utaambiwa baba mkwe anaumwa, mtoto wa jirani ana homa, “si wewe ni nesi?” Utauguza kazini na utauguza nyumbani, na kote utaambiwa una moyo mzuri. Jihadhari na sifa hiyo. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha kudai posho ya usiku, tukajibiwa kwamba uuguzi ni wito. Ni wito, ndiyo. Hata rubani anaweza kuwa na wito, na analipwa.

Basi kwa nini usiwe daktari? Ukipenda udaktari, uende, na mimi nitafurahi. Ila usiende kwa kudhani udaktari ni uuguzi wa ngazi ya juu. Ni kazi mbili. Daktari anautafuta ugonjwa na kuukata mzizi. Muuguzi yuko na mgonjwa saa zote zinazobaki, anaangalia mwili na mtu mwenyewe wanavyoupokea ugonjwa na tiba. Na kazi yenyewe imepanuka. Tangu muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver waanzishe mafunzo ya wauguzi wabobezi katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mwaka 1965, kuna nchi ambako muuguzi mbobezi anapima, anatambua ugonjwa na anaandika dawa. Wapo wauguzi wa usingizi, wa figo, wa wagonjwa mahututi, wa afya ya akili, na wapo maprofesa.

Kwenye kuchagua chuo nakusihi uwe mkali. Uliza kama cheti chake kinakupa leseni na kama kinaendelezwa hadi shahada. Uliza saa za mazoezi. Kwa kipimo, sheria za Umoja wa Ulaya zinataka muuguzi wa kawaida asome angalau saa 4,600, nusu yake au zaidi akiwa na wagonjwa. Kisha uliza jambo ambalo vyuo havipendi kuulizwa: wodini nani ananisimamia, na anasimamia wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja? Chuo kinachokutuma wodini kuziba pengo la wafanyakazi kinakurudisha mwaka 1900.

Kabla hujajaza fomu, omba kukaa wodini zamu moja, ya usiku kama wataruhusu. Madaktari watapita, wataondoka. Wewe mtazame muuguzi: anahesabu nini akiwa amemshika mgonjwa mkono, anaandika nini, anarudi kwa nani mara ya pili bila kuitwa. Ukiweza, nenda na shangazi kwenye saa za kutembelea wagonjwa, mkae naye kitako, na umwombe muuguzi mmoja mwenye nafasi amweleze anachokitafuta anapomgeuza mgonjwa. Mengine nitamjibu mwenyewe akitaka kuniandikia. Mwambie namsalimu, na kwamba nusu ya hoja yake nimeikubali.